Madaftari yamefika, watoto hawapo: michango ya kikundi ianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wazawa 40 wa kijiji kimoja cha Kibosho juu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, jirani na msitu. Wengi wetu tunaishi Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam. Kila mmoja anachanga shilingi 10,000 kwa mwezi kusaidia watoto wa familia zisizojiweza kijijini, wa shule ya msingi na wa sekondari ya kata. Mwaka jana tulinunua sare, mabegi na madaftari kwa watoto 60. Mwaka huu tumeambiwa 11 kati yao hawaendi shule. Tumekosea wapi, na fedha ya mwaka huu tuitumieje?

JIBU: Ndugu mweka hazina, kabla hatujagusa fedha tuanze na hao 11. Mtu akisema mtoto "haendi shule" anaweza kuwa na maana nne tofauti. Kuna aliyehamia mjini kwa mama yake na anasoma huko, ila uhamisho wake haukuandikwa. Kuna anayekwenda siku mbili kwa wiki. Kuna aliyechukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani. Na kuna aliyechaguliwa kidato cha kwanza lakini hakuripoti. Wa kwanza anahitaji kufuatiliwa karatasi zake tu. Wa tatu anaweza kumhitaji afisa ustawi wa jamii wiki hii hii. Mpeni mtu mmoja mnayemwamini kijijini orodha ya majina hayo, apite nyumba kwa nyumba, na mbele ya kila jina aandike mambo matatu: mtoto analala wapi leo, mara ya mwisho alionekana darasani lini, na nani anapika nyumbani kwake. Hilo la tatu ndilo linalofungua mengine. Kama anayepika ni mtoto mwenyewe, sababu mmeshaipata.

Hamkukosea kununua sare na madaftari. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 hadi kidato cha sita. Serikali hutenga kwa shule ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Sare, madaftari, chakula na matibabu vimebaki kwa mzazi, na huko ndiko familia masikini zinakwama. Shida ni kwamba msaada wenu ulikuja mara moja, mwezi Januari, na mtoto haachi shule mara moja. Anakosa Jumanne moja, halafu mbili. Anapitwa na somo la hesabu za sehemu, anaona aibu, anachapwa kwa utoro, anakosa wiki nzima, na siku moja kiti chake kinapewa mwingine. Begi jipya haliwezi kusimamisha hayo yote. Anayeweza kuyasimamisha ni mtu mzima anayeona Jumanne ya kwanza na kuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mwaka huu fuateni mahudhurio kwanza, na fedha ifuate kile ambacho mahudhurio yatawaonyesha.

Rejista ya darasa inasema mengi

Kila mwalimu wa darasa anaita majina na kuweka alama kila siku. Hakuna kitu kingine kijijini chenye taarifa nyingi kiasi hicho, na mara nyingi hakuna anayekisoma isipokuwa siku ya ukaguzi. Ombeni kwa mwalimu mkuu na kwa mkuu wa sekondari ya kata, mkimhusisha Afisa Elimu Kata, ili watu wenu wawili wakae na rejista kila Ijumaa mchana na kunakili siku ambazo watoto wenu 60 hawakuwepo. Kwa darasa moja kazi hiyo ni robo saa. Nunueni daftari kubwa la kurasa nyingi, kila mtoto ukurasa wake, na tarehe ziandikwe pamoja na jina la siku. Jina la siku ni muhimu kuliko tarehe, na mtaona kwa nini.

Mtoto anayekosa siku ileile kila wiki, hasa ya soko, anabaki kubeba ndizi au kulinda wadogo zake wakati mama au bibi ameteremka sokoni. Shule ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Siku moja kila wiki ni karibu siku 39, yaani takriban wiki nane zimepotea, na mzazi ataapa kwamba mwanawe "anaenda shule kila wiki". Hapo dawa ni kutafuta jirani wa kumshika mdogo siku hiyo moja, na mara nyingi haihitaji hata senti.

Anayekosa Jumatatu mfululizo, angalieni mwisho wa juma wake. Ama alifanya kibarua Jumamosi na Jumapili akachoka, ama nyumbani kuna pombe na usiku haukuwa na usingizi. Msimu wa kahawa, kuanzia Julai hadi karibu na Krismasi, siku za kukosa hujikusanya katikati ya juma kwa sababu wachumaji hulipwa kwa debe na kijana mwenye vidole vyepesi anatafutwa. Kwa wavulana wa kidato cha pili na cha tatu kuna upagazi. Njia ya Umbwe ya kupanda Mlima Kilimanjaro inaanzia hapo hapo Kibosho, na fedha ya safari moja ya mlimani huonekana kubwa kuliko muhula mzima wa shule.

Ndugu wawili wanaopokezana, leo huyu kesho yule, wana jozi moja ya viatu au sweta moja kati yao, au kuna mgonjwa nyumbani ambaye hawezi kuachwa peke yake. Msichana anayekosa siku tatu hadi tano kila baada ya wiki nne hahitaji kuulizwa sababu na mwanamume. Na darasa zima likipungua siku baada ya mvua kubwa ya Aprili, tatizo ni njia: mtelemko wa udongo mwekundu, gogo la kuvukia mto, na upande wa pili mpando wa kushika mizizi. Kwenye ramani sekondari inaweza kuwa kilomita mbili tu, lakini kati yake na kitongoji kuna korongo, na mtoto wa miaka 14 analishuka na kulipanda mara mbili kwa siku.

Hapo kwenye njia, pesa kidogo hufanya mengi. Kamba nene au mlingoti wa kushikia kando ya kivuko, vijana wa kijiji wakachimba ngazi kwenye mtelemko na kuzikinga kwa vipande vya mti, ni kazi ya Jumamosi moja au mbili kabla ya masika kuanza Machi. Pamoja na hiyo, kamati ya shule na bodi ya sekondari wakubaliane na walimu kwamba asubuhi ya mvua kubwa, mtoto wa ng'ambo ya korongo akichelewa anaingia darasani moja kwa moja. Anayechapwa leo kwa kuchelewa, kesho atajificha kwenye migomba hadi saa nane. Tena kanuni za shule zinajulikana: adhabu ya viboko ni ya mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kitabuni. Kumpiga mtoto aliyetembea saa nzima kwenye matope ni kumfukuza shule kwa njia nyingine, na mna haki ya kulisema hilo kwenye kikao, kwa adabu na bila kuzunguka.

Viatu navyo vina somo lake. Mwezi Juni na Julai ukungu haufunguki, na kiatu cha ngozi kilicholowa Jumatatu hakikauki hadi Jumatano. Bibi hukiweka juu ya mafiga. Asubuhi ngozi imekunjamana na gundi ya soli imeachia. Mtoto mwenye jozi moja anabaki nyumbani. Ombeni shule iruhusu watoto watembee kwa yeboyebo za plastiki, viatu wavibebe kwenye mfuko, waoshe miguu kwenye bomba na kuvaa getini. Viatu vikilowa, vijazwe magazeti makavu ndani na kuwekwa hatua mbili kutoka motoni, magazeti yabadilishwe kabla ya kulala. Mkinunua sare mwaka huu, kateni kitambaa na mpeni fundi wa hapo kijijini, mkimwagiza aache upindo wa sentimita nane kwenye sketi na suruali. Hiyo ni miaka miwili badala ya mmoja. Sweta lizidi kipimo kwa namba moja.

Wafuatiliaji na namna ya kubisha hodi

Hao watu wawili wa kusoma rejista ndio pia watakaotembelea nyumba. Chagueni mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wa vitongoji tofauti. Wasiwe walimu wa shule hiyo wala jamaa wa karibu wa viongozi wa kijiji. Mwalimu mstaafu, katekista, mhudumu wa afya wa jamii: watu wa namna hiyo tayari wanaingia kila nyumba, na kupitia jumuiya ndogondogo za kanisa wanajua nani anaumwa kabla ofisi ya kijiji haijajua.

Wekeni kanuni ya siku. Ijumaa ni siku ya kunakili, lakini tatizo lisingoje Ijumaa: monita wa darasa amjulishe mfuatiliaji mtoto akikosa siku ya tatu mfululizo, na mfuatiliaji afike nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Siku ya tano aende na balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya kumi jambo lipelekwe kwa mtendaji wa kata na ustawi wa jamii. Msisubiri zaidi, kwa sababu mtoto asipoonekana siku 90 mfululizo huhesabiwa ameacha shule, na kumrudisha kunakuwa safari ndefu ya karatasi.

Maneno ya kwanza mlangoni yana uzito. "Kwa nini humpeleki mtoto shule?" ni maneno ya mgambo, na bibi atajibu kama anavyomjibu mgambo: mtoto anaumwa. Sema, "Shikamoo bibi. Tumemkosa mjukuu wako tangu Jumanne, tukasema tuje tuwaone." Kisha kaa. Kama kuna mbege (pombe ya ndizi) au chai ikaletwa, pokea. Angalia bila kukodoa macho: viatu vipo mlangoni? Nani amekata majani ya ng'ombe leo? Kuna moshi jikoni saa hii? Vijiji vya juu vina nyumba nyingi ambazo wazazi wako mjini na bibi mwenye miaka 70 na zaidi analea wajukuu watatu au wanne peke yake. Hakatai shule. Ameishiwa nguvu, na mjukuu mkubwa ndiye mikono yake. Ukimtafutia kijana wa kumkatia majani ya ng'ombe mara tatu kwa wiki, umemrudisha mtoto darasani kwa bei ndogo kuliko begi.

Mtoto aliyekaa nyumbani wiki tatu anaogopa kurudi peke yake. Mtu mzima amsindikize hadi kwa mwalimu wa darasa na amwombee asiadhibiwe siku hiyo. Wachaga wanajua kazi ya jani la sale pale mtu anapokwenda kuomba radhi. Mzee akija nalo mkononi, mwalimu aliyezaliwa huku mlimani hatainua fimbo.

Chakula cha mchana, na hesabu yake

Mkiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu kubwa, fanyeni hili. Mtoto anayejua kuna makande saa saba huvumilia mengi, na bibi anayejua mjukuu atakula shuleni ana sababu ya kumwamsha. Shule nyingi za huku hupika kwa michango ya wazazi, na tatizo hutokea kwa wasiochangia: ama mtoto anasimama pembeni wenzake wakila, ama anakwepa aibu hiyo kwa kutokuja. Jazeni pengo hilo. Toeni sehemu ya wale wasio na kitu, ipelekwe ghalani pamoja na ya wengine, bila majina yao kusomwa.

Kwa makande, pigeni hesabu ya gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 194 hiyo ni kilo 29.1 za mahindi na kilo 9.7 za maharage. Kwa maneno mengine, gunia la kilo 100 la mahindi linalisha watoto watatu mwaka mzima na kubakiza kidogo. Kwa watoto 30 mnahitaji kilo 873 za mahindi na kilo 291 za maharage, yaani karibu magunia tisa na matatu. Nunueni Agosti au Septemba, mahindi ya mashamba ya chini yanapotoka, msingoje Februari bei ikiwa imepanda. Mzazi mwenye shamba la chini naye achangie mahindi wakati huo huo, maana ndipo anayo, Machi ameshayauza.

Ghala ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mahindi yaliyokauka vizuri tambarare hunyonya unyevu yakikaa kwenye gunia la kawaida huku juu, yanaota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika. Pimeni kabla ya kupokea: chukueni chupa kavu ya kioo, wekeni chumvi iliyokaushwa vizuri juani hadi robo, ongezeni mahindi hadi nusu, fungeni, tikiseni dakika chache, kisha acheni robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu, yarudi juani. Ikibaki inateremka kavu chini, hifadhini kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya mbao na si sakafuni, nusu mita kutoka ukutani. Mfuko ukishafunguliwa uishe kwanza kabla ya kufungua mwingine. Mlango wa ghala uwe na kufuli mbili, moja ya mwalimu, nyingine ya mzazi wa kamati, na kila asubuhi kilichotoka kipimwe kwa mizani na kuandikwa mbele ya mpishi.

Mpishi aelewe jambo moja la milimani: kwenye mita 1,800 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva kuliko mjini. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yaanzwe jikoni kabla ya mahindi yaliyokobolewa. Magadi yanayalainisha upesi lakini yanaua vitamini B1, nami sishauri yatumiwe kila siku. Kuhusu moto: msitu uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005, kuni zimekuwa tabu, na serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Kabla ya kununua jiko lolote, muulizeni Afisa Elimu Kata halmashauri ina mpango gani kwa shule hiyo, msije mkajenga kitu kitakachobomolewa.

Wasichana

Pedi za kufua ni nzuri na hudumu, ila nyingi hugawiwa kana kwamba jua linawaka mwaka mzima. Pakiti ya vipande vinne inatosha kule tambarare, Kahe au Mabogini. Kibosho juu mwezi Juni kitambaa kinene hakikauki kwa siku mbili, na pedi iliyovaliwa mbichi huleta muwasho na maambukizi. Toeni vipande saba au vinane, sabuni ya kipande kila mwezi, na kwa Juni hadi Agosti ongezeni pedi za dukani. Kisha tembeleeni choo. Mlango una komeo la ndani? Kuna ndoo yenye mfuniko na maji? Kipimo cha shule zetu ni tundu moja kwa wasichana 20, lakini tundu moja lenye komeo lina faida kuliko matatu yaliyo wazi. Komeo ni kitu kidogo sana, na ukosefu wake unamfukuza msichana nyumbani saa nne asubuhi.

Akipata mimba, shule haijafungwa kwake. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, kurudi kwenye shule za kawaida. Mfuatiliaji wenu wa kike ayazungumze hayo na familia mapema, na mpango wa nani atakaa na mtoto uandikwe kabla hajajifungua. Aliyempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016. Hilo halimalizwi kwa mbuzi kati ya familia mbili. Ripoti ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa simu ya bure 116.

Ufa mkubwa: Septemba hadi Januari

Darasa la saba hufanya mtihani Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati mtoto wa miaka 13 au 14 hana shule, hana kazi, na ana nguvu. Ndipo shangazi wa mbali anapokuja na ahadi ya "kumsaidia" msichana mjini, na mvulana anapokaa kijiweni cha bodaboda. Januari ikifika, jina liko kwenye orodha ya waliochaguliwa, mtoto hayupo.

Msiache miezi hiyo wazi. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba, anzisheni darasa la asubuhi tatu kwa wiki, kila moja ya muda wa saa tatu, kwenye ofisi ya kijiji au ukumbi wa kanisa, kwa ruhusa ya Afisa Elimu Kata. Fundisheni Kiingereza na hesabu tu. Sekondari inabadilisha lugha ghafla, na wengi huacha kidato cha kwanza kwa sababu hawaelewi mwalimu anasema nini, wanaona wao ni wajinga, na hawamwambii mtu. Anzeni na maneno ya maswali: taja, eleza, linganisha, chora, kokotoa, kwa Kiingereza, katika sentensi fupi, wakiyatamka na kuyaandika. Asiyesoma Kiswahili vizuri atagundulika wiki ya kwanza; huyo apewe saa yake ya kusoma kwanza. Na asiyeona ubaoni atagundulika pia. Mwambie asome herufi kutoka mita sita, jicho moja likiwa limefunikwa. Akishindwa, apelekwe kupimwa hospitali ya KCMC, Moshi.

Fomu ya kujiunga ikija Desemba, kaeni nayo pamoja na mkuu wa shule mstari kwa mstari. Jembe, fyekeo, ndoo, fagio, rimu ya karatasi: shule yenye majembe 40 stoo haihitaji la 41 kutoka kwa yatima. Ombeni watoto wenu wasamehewe vifaa hivyo, nanyi mtoe kwa pamoja kile kinachokosekana kweli. Na familia ziambiwe wazi kwamba mtoto anapokelewa hata kama sare haijakamilika. Wengi hubaki nyumbani hadi Machi wakisubiri sweta.

Fedha yenu

Watu 40 kwa shilingi 10,000 kwa miezi 12 ni shilingi 4,800,000. Kwa bei ya kupigia hesabu ya shilingi 800 kwa kilo ya mahindi na 2,500 ya maharage, chakula cha watoto 30 ni shilingi 1,425,900; wekeni 1,500,000 pamoja na mafuta na chumvi. Wafuatiliaji wawili, posho ya 30,000 na vocha ya 5,000 kila mmoja kwa mwezi, miezi kumi, ni 700,000. Msiwanyime hiyo posho kwa kusema ni kazi ya kujitolea, maana Mei, mvua ikiwa bado kubwa na kutembea ni kugumu, mtaambiwa wameshindwa kufika. Kidato cha kwanza, tuseme watoto 12 kwa 90,000, ni 1,080,000. Pedi na sabuni 300,000. Darasa la Oktoba na Novemba 400,000. Mfuko wa dharura 600,000, usiotoa zaidi ya 30,000 kwa tukio moja: dawa, miwani, nauli ya kumfuata mtoto aliyechukuliwa. Mfuatiliaji aweze kuutumia ndani ya siku mbili kwa kuwapigia ninyi simu, kwani dharura inayongoja kikao cha mwisho wa mwezi inakuwa imeshamtoa mtoto shule. Zinabaki 220,000 za akiba. Sare na madaftari vinunuliwe tu kwa wale ambao rejista inaonyesha ndivyo vinavyowakwamisha.

Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Mwalimu asipokee wala kukusanya fedha yoyote ya michango, kwa usalama wake na wenu. Muulizeni mtendaji wa kijiji ni kaya zipi kati ya zenu ziko kwenye mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Zile zinapokea ruzuku kwa sharti la mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80, na mfuatiliaji wenu anaweza kuisaidia familia isikatwe. Picha za watoto wakipokea msaada msizisambaze kwenye makundi ya simu. Mtoto wa darasa la sita anajua kusoma maoni ya watu.

Kwa wale ambao umri umeshawapita, kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa sekondari, na VETA Moshi kwa anayetaka ufundi. Msimsukume kijana wa miaka 17 kukaa dawati moja na wa miaka 12; atarudi wiki mbili kisha mtampoteza moja kwa moja.

Mwisho, tarehe. Desemba wote mnapanda kijijini kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama tunavyosema. Mkutano wa kikundi uwe tarehe 27 au 28, kijijini, siku ambayo bado tiketi za kurudi hazijakatwa. Waalikeni mwalimu mkuu, mkuu wa sekondari, Afisa Elimu Kata na wafuatiliaji, na muwaombe waje na mambo mawili mezani: daftari la mahudhurio la mwaka mzima, na orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza. Ajenda ya kwanza iwe jina kwa jina: mtoto huyu yuko wapi leo?